Mashini Iliyokuja na Bisibisi Yake

Mtu akikuuzia kitu na kukuapia kwamba hakitaharibika, huyo ni mwongo wa kawaida, tumeshamzoea. Mtumishi mmoja wa serikali wa kule Kigobe alinijia na jipya. Aliniambia laptopu yake itaharibika, leo kipande hiki, mwakani kile, na kwamba huo ndio uzuri wake.

"Mama, hii mashini inafunguka," alisema. "Klaviye ikikufa, unabadirisha klaviye. Batri, kioo, memwari, vyote. Kesho ukitaka yenye nguvu zaidi, unatoa ya zamani, unaweka mupya. Hauna lazima ya fundi."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niache kumpigia muhuri karatasi zake. Mimi ni mfasiri. Kwa miaka mingi nimekaa kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu Kinanira, nikigeuza vyeti vya kuzaliwa, diploma na hukumu za mahakama kutoka Kirundi na Kifaransa kuwa Kiswahili, kwa ajili ya watu wanaokwenda kutafuta masomo au biashara Tanzania na kwingineko. Bwana huyo alikuwa amefuata diploma zake. Alinikuta naipiga laptopu yangu makofi ubavuni, akanihurumia, ndipo akafungua mkoba wake.

Hakujua kwamba amenigusa penye kidonda. Wakati ule nilikuwa natafuta, kimyakimya, namna ya kuachana na fundi wangu wa miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimeshajihakikishia kwamba ananiibia. Kumwambia usoni nilishindwa, na mashini nyingine ya kunipa mkate sikuwa nayo. Mashini isiyohitaji fundi ingenitoa mikononi mwake bila ugomvi, nami nisingelazimika kumwamini mtu yeyote tena.

Lakini kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilimuuliza bwana yule kwa nini anauza kitu kizuri hivyo. Alisema kazini wamempa nyingine, na mtu mmoja hana haja ya mbili. Lilikuwa jibu safi mno, na majibu safi mno huwa nayaweka pembeni kwanza. Kisha akatoa ndani ya boksi la ile mashini bisibisi ndogo nyeusi, akaiweka juu ya meza yangu.

"Imekuja nayo," alisema. "Benye kuitengeneza ndio banakupa."

Nilimtazama. Nani anakuuzia gari na kukuwekea fundi ndani ya buti? Aliyetengeneza mashini na kuifunga boksi moja na bisibisi, huyo anajua jambo ambalo mimi silijui.

"Kaa nayo siku tatu, mama, uijaribu," alisema, akasimama aende zake. Hakudai arbuni wala hakuandika kikaratasi. Nilizidi kuogopa. Mjini hapa mtu hakuachii hata mwavuli siku tatu. Nilimlazimisha achukue kitambulisho changu, akakichukua huku akicheka, akaniacha na mashini yake mezani.

Asubuhi iliyofuata nilifunga mlango wa mbele, nikaifungua. Skrubu tano tu, na mfuniko ukainuka wenyewe. Ndani kila kipande kimeandikwa jina lake, na pembeni yake pana mraba mdogo wa kupiga picha kwa simu ili uonyeshwe jinsi ya kukitoa. Nilichomoa memwari na kuirudisha, nikachomoa batri na kuirudisha. Mashini ikawaka kama kwamba hakuna kilichotokea. Nilipaswa kufurahi, nami badala yake nikaketi nikaanza kuhesabu mitego.

Wa kwanza, vipuri. Vinakaa Ulaya, mimi nakaa Kinanira. Klaviye ikifa nitasubiri mpaka apatikane mtu wa kuja na nafasi kwenye sanduku lake, na huyo mtu naye nitamwamini vipi? Wa pili, hao wanaotengeneza vipuri. Wakichoka kesho na kufunga duka, nitabaki na mashini inayofunguka vizuri sana na isiyo na cha kutia ndani. Wa tatu ndio ulioniwasha zaidi. Kama mimi mwenye macho ya kusoma karatasi naweza kuichomoa memwari kwa dakika moja, mwizi je? Mashini ngumu kufungua angalau inamtoa mwizi jasho. Hii ingempa na bisibisi!

Mtu atasema nina roho mbaya. Sina, nimelelewa hivyo. Baba yangu alikuwa na gari kuukuu, na gari kuukuu ni mgeni wa kudumu kwa mafundi wa Buyenzi. Kila lilipopelekwa, baba alikwenda na kigoda chake mwenyewe kutoka nyumbani. Alikaa ubavuni mwa gari toka asubuhi mpaka lifungwe, na mara nyingi nilikuwa miguuni pake. Hakuwa peke yake. Kila gari lilikuwa na mwenyewe amekaa kando yake, na mafundi hawakuliona hilo kuwa tusi. Kabla ya kwenda, baba alichukua msumari akakwaruza alama chini ya batri, na nyingine mahali pa siri penye injini, ili kipuri kikibadilishwa ajue.

"Bakifungua kapo, we usifunge macho, mutoto wangu," aliniambia, akiniashiria boneti iliyoinuliwa.

Basi hayo ndiyo maziwa niliyonyonya. Hata hivyo, kwa fundi wangu wa mashini sikuyatumia kwa miaka kumi na mmoja. Kibanda chake kiko Asiatique, mtaa wa maduka, kwenye ujia mwembamba kati ya duka la vitambaa na duka la sufuria: meza yenye kioo, taa, na kalenda ya swala ukutani. Ni Mwislamu wa Buyenzi, mtoto wa fundi wa magari, mtaratibu, hana maneno mengi. Nilikuwa namwachia laptopu asubuhi, naifuata jioni, nasema asante. Nilipofiwa na mume wangu alikuja msibani, akakaa na wanaume mpaka mwisho.

Mwaka wa kumi na mbili mambo mawili yalitokea. Kwanza alitundika pazia. Alisema ni vumbi la barabarani, linaingia kwenye mashini zikiwa wazi. Toka siku hiyo alikuwa anachukua laptopu yangu, anaingia nayo nyuma ya pazia, na mimi nabaki natazama kitambaa. Pili, jirani yangu wa Kinanira alikuja kwangu analia: simu yake ilirudi kutoka kwa fundi ikiwa na kioo kingine, kibovu. Alikuwa fundi mwingine kabisa, upande mwingine wa mji. Lakini jirani alisema neno likakaa.

"Da, bafundi bote ni bamoja. We yako umeshaiangalia ndani?"

Sikuwa nimeiangalia. Wiki hiyo hiyo herufi a ilikufa kwenye klaviye yangu, na Kiswahili bila a ni kupiga chafya. Kabla ya kuipeleka, nilifanya kama baba. Chini ya laptopu yangu kuna mfuniko mdogo wa skrubu mbili, na chini yake vipande viwili vya memwari. Ndivyo vinavyoibwa, kila mtu anasema, kwa sababu ni vidogo na vinauzika. Msumari niliogopa, usije ukakivunja. Nikachukua rangi yangu ya kucha, nyekundu iliyokolea. Kipande chenyewe kimejaa namba na maandishi, nukta ingepotea humo. Lakini ukingoni kina meno madogo ya rangi ya dhahabu, yamepangana kama ya kitana, na pale nukta nyekundu ilionekana vizuri sana. Tena meno hayo yakishazama kwenye tundu lake, hakuna atakayeiona alama. Nilijisifu. Nilisema baba angekuwepo angecheka kwa furaha.

Niliirudisha nyumbani jioni, herufi a imefufuka. Nikafunga mlango, nikafungua mfuniko. Nukta haikuwepo!

Nilikaa chini. Niseme ukweli, nililia. Nilimlilia yeye kuliko kile kipande. Kisha hasira ikachukua nafasi. Kipande alichoniachia nacho nikakitia rangi, pale pale kwenye meno, nikatia kubwa zaidi ili ushahidi usipotee. Kesho yake mashini ilianza kujikokota kama mgonjwa, na nilipotafuta chanzo niliona imeandika kwamba kumbukumbu yake imebaki nusu. Kumbe ameniwekea mzoga! Nikairudisha kwake nimevimba, lakini mdomoni nikasema tu kwamba inakwenda polepole.

Aliingia nyuma ya pazia. Hazikupita dakika kumi akatoka, mashini inaruka.

"Ilikuwa na uchafu kidogo, mama. Nimepangusa."

"Nikulipe nini?"

"Apana, mama, wacha. Ni kitu kidogo." Kisha, akiifunga kwenye mfuko wangu, akaongeza bila kuniangalia: "Ila usikuwe unafungua kule chini. Iache tu."

Hapo nilimshika, nilidhani. Nani anayekukataza kufungua kama hakuficha kitu? Na mwizi gani asiyejua kwamba bure ni hongo? Nyumbani nilifungua: nukta imepotea tena. Amebadilisha tena. Nikatia nyingine. Mashini ikaugua. Nikaipeleka, akaipangusa, nikafungua, nukta hakuna. Mara nne. Kila nilipotoka kwenye ule ujia nilijisemea, kikulacho ki nguoni mwako. Na kazi za watu zinakaa, wateja wananipigia simu, mmoja alikwenda kwa mfasiri mwingine na hakurudi.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa wakati ile mashini ya Kigobe inakaa mezani kwangu. Siku ya tatu ilifika sijaamua. Niliwaza: atafutwe mtu anayejua mashini, aitazame, aseme kama ni nzima na kama inafaa. Nikapitisha kichwani watu wote ninaowafahamu katika mji huu mzima. Wa kumwamini kwa macho yake na mikono yake alikuwa mmoja tu, na ni yule yule mwizi. Nilikasirika mpaka nikacheka.

Nikaenda. Nilimdanganya kwamba laptopu ni ya shemeji yangu, anataka kuiuza. Nilikataa kukaa kwenye kiti. Nilisimama, mikono yangu juu ya kioo cha meza yake, nikamwambia aifungue hapa hapa mbele yangu. Alinitazama kidogo, akasema hakuna shida. Akaivuta taa. Nilimpa bisibisi iliyokuja nayo, akaizungusha vidoleni kama mtu aliyepewa peremende.

Skrubu tano, mfuniko ukainuka. Alisoma majina ya vipande kimoja kimoja kwa sauti ya chini. Akachomoa, akarudisha. Akatabasamu peke yake, jambo nililokuwa nimeliona mara chache sana katika miaka yote ile.

"Mutu mwenye kutengeneza hii," alisema, "alimufikiria fundi."

"Ina ubaya gani?" nilimuuliza. "Nambie ubaya."

"Ubaya, piyesi zake haziko hapa. Zitakuya mu valizi ya mutu. Utangoya. Lakini ile yako ya zamani, karibu vyote bamegundisha. Klaviye moja tu ilinipa kazi siku muzima. Ikikufa yote, imekufa. Hii ni muzima, mama, haina kitu kibaya. Mwambie shemeji asiuze. Ama we ununue."

Masikio yangu yakasimama. Huyu ananishauri ninunue mashini itakayomkosesha kazi yangu. Anatafuta nini?

"Nikinunua, sitakuwa nakuja," nilisema. "Inafunguka yenyewe. Haina haja ya fundi."

"Eee. Nimeona." Aliufunga mfuniko taratibu, skrubu moja baada ya nyingine, akahakikisha zote tano. "Ni vizuri. Kitu kimoja tu, mama. Hii usiitie verni."

"Verni gani?"

Aliingia nyuma ya pazia, na safari hii hakulirudisha. Akaliacha wazi, nikaona kila kilichokuwepo. Kilikuwepo kiti kimoja, feni moja ndogo, na rafu ya mashini za watu zenye majina juu yake. Alirudi na kifutio cha shule, gome ile nyeupe ya watoto, akaiweka juu ya kioo kati yetu. Upande mmoja ulikuwa umelowa wekundu uliokolea. Kando yake kulikuwa na kucha zangu kumi, juu ya kioo, na rangi ni ile ile.

Niliondoa mikono yangu mezani, nikaificha kwenye kitenge.

"Pale ku meno ndio umeme unapita," alisema, kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa. "Verni ya kucha inafunga njia. Mashini inaona memwari moja tu, inachoka. Napangusa na gome, inarudi. Piyesi ni zile zile zako, mama. Za siku ya kwanza."

Nilianza kuzipitia zile safari zote nne upya, na kila niliyoipitia ilinigeukia na uso wangu mwenyewe. Nani aliyeua mashini yangu? Mimi. Nani aliyenikosesha mteja? Mimi. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimelipaka langu rangi.

"Kwa nini hukuniambia?" nilisema.

"Ningekuambia nini? Nikisema verni, unajua kama najua. Unaona haya, hauye tena. Nikasema, wacha nipanguse, atachoka." Alikigeuza kile kifutio, upande mwekundu ukaenda chini. "Bote banaweka alama, mama. Huyu musumari, huyu kalamu, mwingine anaweka unywele. Baba yangu banamuwekea, na mimi bananiwekea. Sikasiriki. Lakini bale bengine banaweka siku ya kwanza. We uliweka mwaka wa kumi na mbili. Ndio nikawa najiuliza, huu mwaka nilikosa nini?"

Nikalitafuta kosa lake. Alikuwa ametundika pazia kuzuia vumbi, na jirani yangu alikuwa ameibiwa kioo na mtu mwingine. Hayo ndiyo makosa yake yote.

"Hukukosa kitu," nilisema. "Nisamehe, fundi."

"Yameisha, mama," alijibu, haraka sana, kama tunavyojibu sote wakati hayajaisha. Akanikabidhi ile laptopu ya shemeji ambaye hayupo.

Niliinunua. Yule bwana wa Kigobe alinirudishia kitambulisho changu, na mpaka leo sijamkuta na uongo wowote, ingawa nimeutafuta. Wiki moja baadaye nilirudi Asiatique. Niliweka laptopu mpya juu ya meza ya kioo, na juu yake ile bisibisi nyeusi. Nilimwambia fundi kwamba sina mkono wa kufungua mashini, mkono wangu umeshathibitika, na kwamba bisibisi ikae kwake. Siku kipande kikifa nitamletea mashini na nitakwenda zangu sokoni mpaka aniite.

"Unaniachia?" aliuliza.

"Nakuachia."

Hakuitia kwenye droo mara moja. Aliichukua, akaisogeza chini ya taa, akaigeuza taratibu, ncha hii, ncha ile, mpaka chini ya kishikio. Nilielewa alichokuwa anakitafuta. Hakukuwa na nukta, nilikuwa sijaiwekea, naapa. Nilisimama pale, nikamwacha atafute mpaka aridhike.